Nani Analala Ghorofani? Maneno kwa Wenye Kampuni za Familia

Hotuba hii niliitoa Mwanza, mbele ya wafanyabiashara waliokusanyika kuzungumzia ukaguzi wa kodi. Nimeiandika upya kutoka kwenye daftari langu, pamoja na hesabu nilizoziweka ubaoni siku ile.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, na vijana mliofunga maduka mchana wa siku ya kazi ili mje kunisikiliza, asanteni sana. Najua kufuli ya mchana ina bei yake, kwa hiyo sitazunguka.

Nyumba iliyojengwa kwa fedha za kampuni si nyumba yako, hata kama hisa zote ni zako, hata kama matofali uliyachagua mwenyewe na mafundi uliwasimamia mwenyewe juani. Unaweza kuishi humo, sheria haikukatazi. Lakini ukiishi humo bila kusema unaishi, na bila karatasi inayosema unaishi kwa masharti gani, siku ya ukaguzi utajikuta huna neno la kujibu. Nimeshakaa upande wa watu waliokosa neno, na ndiyo maana nimekuja.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mteja, mzee mmoja mchapakazi, mtu wa heshima zake. Kampuni ilikuwa yake na mkewe. Walijenga jengo la ghorofa moja: chini duka la vifaa vya ujenzi, juu vyumba vinne, jiko na sebule. Kiwanja kilinunuliwa na kampuni, mkopo wa benki ulichukuliwa na kampuni, hati ikatoka kwa jina la kampuni. Vitabuni liliandikwa kwa maneno matatu: jengo la biashara. Gharama yake shilingi milioni 300.

Wakaguzi wakaja wawili. Walikuwa waungwana, walisalimia, walikaa, wakakagua risiti na stakabadhi za benki asubuhi nzima. Karibu na adhuhuri mmoja wao, yule kijana, akauliza, "Mzee, mita ya LUKU iko wapi?" Mita ya umeme ilikuwa moja tu, imefungwa ukutani kwenye ngazi, na waya wake unalisha duka na unapanda juu. Akaitazama, akarudi kwenye risiti za umeme, zote zimeingizwa kama gharama za duka. Akauliza tena, "Na huku juu kuna nini?"

Mzee akasema, "Stoo."

Hapo hapo akateremka mtoto amevaa sare za shule, akasema, "Shikamoo babu, bibi anasema chakula tayari." Harufu ya maharage ya nazi ilikuwa imeshatufikia pale mezani. Hakuna aliyesema kitu. Kijana akaandika mstari mmoja kwenye karatasi yake, akaomba ruhusa ya kupanda juu.

Nataka mlielewe kosa lilikuwa wapi. Kuishi ghorofani halikuwa kosa. Watu wanaishi juu ya maduka yao tangu miji yetu ilipoanza, nendeni Ujiji, nendeni Bagamoyo, nendeni Mji Mkongwe Unguja mkaone. Kosa lilikuwa lile neno "stoo." Lilibadilisha shauri zima. Kabla yake tungebishana kuhusu namna ya kugawa gharama. Baada yake kila karatasi tuliyoileta ilitazamwa kama karatasi ya mtu aliyedanganya.

Sasa tuingie kwenye sheria, taratibu.

Jambo la kwanza ni la zamani kuliko sisi sote. Mwaka 1897, Bunge la Mabwana la Uingereza, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama yao ya juu, liliamua kesi ya Aron Salomon, mfanyabiashara wa viatu wa London. Alikuwa ameigeuza biashara yake kuwa kampuni. Hisa zilikuwa 20,007. Yeye alishika 20,001, na sita zilizobaki zilikuwa za mkewe na watoto wake watano, mmoja mmoja. Biashara ikafilisika, na upande wa wadai ukataka Salomon alipe kutoka mfukoni mwake, kwa hoja kwamba kampuni na yeye ni kitu kimoja. Mabwana wakakataa. Kampuni ni mtu wake, Salomon ni mtu wake.

Sheria yetu ya makampuni inasimama juu ya msingi huo huo. Ndio unaokulinda. Benki ikishindwa kulipwa na kampuni, haichukui shamba lako la Sengerema, isipokuwa uliweka dhamana mwenyewe. Kila mmoja wenu hapa aliyekwenda BRELA, kule kampuni zinakosajiliwa, alikwenda kutafuta ukuta huo. Ila ukuta una pande mbili. Huwezi kusema "mimi si kampuni" mbele ya mdai, halafu ukasema "kampuni ni mimi" mbele ya mkaguzi wa kodi.

Kwa hiyo kampuni ikikupa nyumba, mtu mmoja amempa mtu mwingine kitu chenye thamani. Swali linabaki: amempa kama nani? Hapo ndipo migogoro yote inapozaliwa.

Kama amekupa kwa kuwa wewe ni mfanyakazi wake, mkurugenzi mwenye mshahara, basi nyumba ni sehemu ya ujira wako. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ina kanuni yake ya kuipima, na wengi wenu hamjawahi kuisikia. Chukua asilimia 15 ya jumla ya mapato yako ya mwaka. Chukua pia gharama ambazo kampuni imedai kwenye hesabu zake kwa ajili ya nyumba hiyo. Kubwa kati ya hivyo viwili, liweke pembeni. Halafu lilinganishe na pango la soko, yaani nyumba kama hiyo ingepangishwa kwa kiasi gani. Dogo kati ya hayo mawili ndilo linaloongezwa kwenye mapato yako. Na kama unailipa kampuni pango, kiasi ulicholipa kinapunguzwa.

Tumchukue mzee wangu, kwa tarakimu nyepesi. Mshahara wake milioni 3 kwa mwezi, milioni 36 kwa mwaka, na tuseme hana mapato mengine. Asilimia 15 ni milioni 5.4. Mwaka ule kampuni ilidai milioni 9 za ghorofa ya juu: ukarabati, rangi, ulinzi, bima. Kubwa ni milioni 9. Pango la soko la nyumba ile tuseme milioni moja kwa mwezi, milioni 12 kwa mwaka. Dogo kati ya 12 na 9 ni 9. Basi milioni 9 zinaingia kwenye mapato yake ya ajira, na kwa kuwa mshahara wake tayari uko kwenye ngazi ya juu ya PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, asilimia 30, kodi yake ni milioni 2.7 kwa mwaka.

Milioni 2.7 ni fedha, sibishi. Lakini tazameni upande wa pili: kampuni inabaki na haki ya kuzitoa zile milioni 9 kama gharama ya kumtunza mfanyakazi wake. Na asilimia 30 ya milioni 9, ambayo ndiyo kodi ya kampuni, ni hiyo hiyo milioni 2.7. Kilichoongezeka mkono mmoja kimepungua mkono mwingine. Mzee wangu alificha kitu ambacho, kama angekisema, kisingemgharimu chochote cha kumkosesha usingizi.

Kilichomkuta ni njia ya pili. Hapakuwa na mkataba wa ajira unaotaja nyumba. Hapakuwa na kikao cha wakurugenzi kilichoamua. Mkaguzi akasema: huyu hakupewa nyumba kama mfanyakazi, amejipa kama mwenye mali. Gharama za ghorofa ya juu ni matumizi ya nyumbani, ya kujitunza mtu na familia yake, na matumizi ya namna hiyo hayaruhusiwi kupunguza mapato ya biashara. Milioni 9 zikakataliwa, miaka yote iliyokaguliwa. Uchakavu wa jengo, ambao kampuni ilikuwa ikiudai kwa asilimia 5 kwa mwaka juu ya milioni 300 zote, ukakatwa nusu. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya saruji, nondo na vigae ambayo kampuni ilijirudishia wakati wa ujenzi ikahojiwa, kwa sababu makazi hayako kwenye VAT, na vigae vya bafuni kwa bibi havikuuza msumari hata mmoja. Na juu ya hapo, thamani ya nyumba ikatazamwa kama mgao kwa mwanahisa, wenye kodi ya zuio ya asilimia 10, ile inayokatwa kabla malipo hayajamfikia mwenyewe, kama gawio, yaani mgao wa faida. Kisha riba. Kisha adhabu.

Mtu akaniuliza juzi, mwenye hoteli ndogo: "Lakini mimi kodi ya jengo silipi kila mwezi kwenye LUKU?" Ndugu yangu, hapa lugha yetu inatuponza. Neno kodi tunalitumia kwa mengi mno. Unamlipa mwenye nyumba kodi, unalipa kodi ya jengo, unalipa kodi ya mapato. Ile inayokatwa kwenye umeme tangu mwaka 2021 ni kodi ya jengo kusimama pale. Haisemi lolote kuhusu manufaa unayoyapata kwa kulala ndani yake. Ndiyo maana leo nasema "pango" kila ninapotaja malipo ya mpangaji, ili tusichanganyikiwe.

Msidhani jambo hili ni letu peke yetu. Uingereza, mwaka 1935, iliamuliwa kesi inayoitwa Nicoll dhidi ya Austin. Mkurugenzi aliyekuwa na sauti kubwa katika kampuni yake aliishi kwenye jumba lake kubwa, la kwake kabisa, si la kampuni. Jumba likamzidi gharama, akafikiria kuhama. Kampuni ikaona haifai ahame, kwa kuwa pale ndipo wateja walipokaribishwa. Ikaamua kulipa yenyewe ushuru wa nyumba, bima, gesi, umeme, simu, hadi matunzo ya bustani. Mwenye nyumba akasema: mimi sikupokea hata senti mkononi, nitozwe nini? Mahakama ikasema umepokea kitu chenye thamani ya fedha, maana bila hivyo ungelipa mwenyewe.

Naipenda kesi ile kwa sababu ya bustani. Mtunza bustani analipwa na kampuni, wageni wa kampuni wanapita humo mara moja moja, na waridi linachanua kila asubuhi kwa mwenye nyumba. Ni kweli biashara ilifaidika. Na ni kweli mtu alifaidika. Wengi tunadhani tukithibitisha la kwanza tumelifuta la pili. Halifutiki. Sheria yetu inataka gharama iwe imetumika yote, na kwa ajili hiyo tu, katika kutafuta mapato. Sebule unayompokelea mteja Jumamosi moja ndani ya mwezi, na watoto wako wanaifanyia kazi za shule siku zote nyingine, haijawa ofisi.

Sasa mambo ya mgogoro wenyewe, na hapa naomba mnisikilize kuliko popote, kwa kuwa hapa ndipo nimeona watu wema wakiumia.

Ukiletewa makadirio ya kodi usiyoyakubali, una siku 30 za kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa TRA, Mamlaka ya Mapato. Siku 30, pamoja na Jumapili, pamoja na sikukuu, pamoja na wiki uliyosafiri kwenda msibani. Na pingamizi haliendi mikono mitupu: unatakiwa kulipa kiasi usichobishania, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa. Kamishna ana mamlaka ya kupunguza au kusamehe sharti hilo ukiwa na sababu, lakini lazima uombe, tena kwa maandishi. Nimeona mama mmoja akiwa na hoja safi kabisa, pango la soko lilikuwa limekadiriwa maradufu, na alikuwa na mikataba ya majirani watatu ya kuthibitisha. Alikaa na barua ile kwenye droo siku 52 akitafuta theluthi. Alipoipata, hoja yake haikusikilizwa. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu siku ile barua ilipofika nilikuwa umbali wa simu moja.

Kamishna akiamua na hujaridhika, unatoa taarifa ya kusudio la kukata rufani ndani ya siku 30, na rufani yenyewe inafika Bodi ya Rufani za Kodi ndani ya siku 45. Kutoka Bodi unakwenda Baraza la Rufani za Kodi. Kutoka Baraza unaweza kwenda Mahakama ya Rufani, lakini huko linasikilizwa suala la sheria tu.

Tafakarini maana yake kwa mtu mwenye mgogoro wa nyumba. Nani alikuwa analala ghorofani? Ile sebule ilikuwa ofisi au haikuwa? Pango la mtaa ule lilikuwa laki sita au milioni? Hayo yote ni masuala ya ukweli wa mambo, si ya sheria. Yanaishia Barazani. Huwezi kuwapandisha majaji wa Mahakama ya Rufani ngazi zako wakahesabu vitanda. Na mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio si sahihi uko mabegani mwako wewe uliyekata rufani. TRA haihitaji kuthibitisha kwamba bibi alipika maharage. Wewe ndiye wa kuthibitisha kwamba ile ilikuwa stoo.

Kwa hiyo katika mgogoro huu unashinda au unashindwa siku ya kwanza unapohamia, miaka mingi kabla ya barua. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, nami sina maneno bora kuliko hayo.

Fungeni mita mbili. Kama jengo ni moja, gharama ya kutenganisha umeme na maji ni ndogo mno mbele ya hasara ya kutotenganisha. Pimeni mita za mraba, chini na juu, mwombe mchoraji aziandike kwenye mchoro, kisha gharama za pamoja, paa, ulinzi, bima, zigawanywe kwa uwiano huo kila mwaka bila kubadilisha badilisha. Kaeni kikao cha wakurugenzi, hata kama wakurugenzi ni wewe na mama watoto mezani baada ya chakula cha usiku, muandike muhtasari: kampuni inampa mkurugenzi fulani makazi kama sehemu ya ujira, kuanzia tarehe fulani. Muweke sahihi. Au kama mnataka pango, muandike mkataba wa pango, na pango liwe la soko, kwa sababu wewe na kampuni yako ni watu wenye uhusiano na laki moja kwa nyumba ya milioni haitakubalika. Na lipeni kweli. Pango lililoandikwa kwenye mkataba na halionekani kwenye taarifa ya benki ni baya kuliko kutoandika kabisa. Nyaraka zote zikae angalau miaka 5.

Wale ambao hamjajenga bado, fikirini mara mbili kama makazi yanapaswa kuingia ndani ya kampuni. Mtu binafsi akiuza nyumba aliyoimiliki na kuishi humo kwa miaka 3 au zaidi, na faida haizidi milioni 15, sheria inamwacha. Ikizidi, mkazi wa nchi anatozwa asilimia 10 ya faida. Kampuni haina makazi, haina kitanda, haipati msamaha huo. Faida yake inaingia kwenye mapato yanayotozwa asilimia 30, na kilichobaki kikitoka kuja kwako kama gawio kinakatwa asilimia 10 tena. Watu wanakimbilia kuiweka nyumba kwenye kampuni kwa sababu mkopo unapatikana haraka zaidi, na hawaulizi itatokaje.

Kuna jambo moja ambalo si la kodi kabisa, lakini sitawaacha bila kulisema. Mzee wangu alifariki miaka miwili baada ya ukaguzi ule. Hesabu za kodi tulikuwa tumeshazimaliza kwa makubaliano, kwa kulipa. Kampuni ilikuwa imeongeza mwanahisa wa tatu, rafiki yake wa biashara, aliyeingiza mtaji. Wakati wa mirathi bibi akasema, "Nyumba yangu." Ikabidi mtu amweleze, na mtu huyo nilikuwa mimi, pale pale sebuleni, kwamba marehemu hakuacha nyumba. Aliacha hisa. Nyumba ni ya kampuni, na kampuni ina mwenye hisa mwingine anayetaka jengo liuzwe. Ule ukuta uliomlinda mumewe dhidi ya benki ulikuwa sasa umesimama kati yake na jiko lake.

Kama mwaka ule tulipomaliza na TRA ningesisitiza mkataba wa makazi uandikwe, wenye haki ya mjane kubaki kwa muda maalumu, angekuwa na kitu cha kushika mkononi. Nilisema tutaandika. Hatukuandika. Mwenye hisa mwingine alimwachia miezi sita kwa huruma yake, na mwezi wa saba nilikwenda kumsaidia kubeba masufuria kuyateremsha kwenye ngazi zile zile, kupita kwenye mita ile ile.

Nimekuja na nakala za aina mbili: mfano wa muhtasari wa kikao, na mfano wa mkataba wa pango kati ya kampuni na mkurugenzi wake, wenye kifungu cha mjane na watoto. Ziko kwenye meza ile ya mlangoni. Nakala ni 60, na nikihesabu viti naona tuko zaidi ya hapo, kwa hiyo mume na mke mchukue moja. Mwenye swali la nyumba yake asimame sasa, na aanze kwa kutuambia hati iko kwa jina la nani.